Kuku, Sokwe na Kidonge cha Rangi Mbili

Ukipanda boti pale Kibirizi, Kigoma, ukaelekea kaskazini, utapita mbele ya msitu wote wa Gombe kabla ya kushuka Mwamgongo. Kijiji kimebanwa kati ya ziwa na milima. Mpaka wa hifadhi uko upande wake wa kusini, na nyani hawaombi kibali kuuvuka. Nilikwenda huko kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu historia ya antibayotiki katika ufugaji wa kuku.

Bibi aliyenipokea ana kuku wa kienyeji kumi na kitu. Baada ya shikamoo na maswali ya nyumbani kwetu, nilimuuliza huwa anafanyaje wakianza kuzubaa na kuharisha kijani.

“Nawapa rangi mbili, mjukuu wangu. Nafungua kidonge, namimina unga kwenye maji yao.”

“Wanapona, bibi?”

“Wengine.”

Jibu hilo la neno moja lina sayansi nyingi. Ugonjwa unaofyeka kuku vijijini kwetu kuliko mwingine wowote ni mdondo, nao unaletwa na kirusi. Tetrasaiklini haiui kirusi. Kinachouzuia mdondo ni chanjo, mathalani ile ya I-2, tone moja jichoni, ikirudiwa kila miezi mitatu au minne. Kuku wanaobaki hai wangebaki tu, ila sifa inachukuliwa na kidonge. Wakati huohuo mabilioni ya bakteria wanaoishi kwenye utumbo wa kuku huyo, ambao hawakuwa na kesi yoyote na mdondo, wamekunywa dawa. Wanyonge wamekufa. Walio sugu wamebaki na nafasi yote.

Mazoea haya yana ukoo mrefu, na shina lake haliko kijijini. Mwaka 1948 kampuni ya Lederle ya Marekani iliingiza sokoni Aureomycin, dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasaiklini. Wanasayansi wake wawili, Thomas Jukes na Robert Stokstad, walikuwa wakitafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa ajili ya vifaranga. Wakajaribu kuwalisha machicha yaliyobaki baada ya dawa kutengenezwa. Vifaranga wakakua kwa kasi ambayo vitamini peke yake isingeileta. Kilichowakuza ni mabaki ya dawa. Mwaka 1950 habari ikatangazwa, na wauza vyakula vya mifugo hawakungoja kubembelezwa. Mimi siwaoni wawili hao kama wahalifu. Walitaka kuku wa bei nafuu, na nani hamtaki?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Japani waliokuwa wakichunguza ugonjwa wa kuhara damu walionyesha kwamba bakteria sugu anaweza kumgawia jirani yake jeni za usugu, hata kama jirani ni wa spishi nyingine. Ni kama kuazima ufunguo wa nyumba na kuchonga nakala. Kisha Stuart Levy wa Boston akafanya jaribio ambalo kila mfugaji angepaswa kusimuliwa. Alipeleka vifaranga kwenye shamba dogo la familia moja, nusu wakila chakula chenye tetrasaiklini na nusu wakila cha kawaida. Katika muda wa wiki moja, karibu bakteria wote wa utumbo wa kuku wa dawa walikuwa sugu. Baada ya miezi mitano hadi sita, asilimia 31 ya sampuli za kinyesi za wanafamilia zilijaa bakteria sugu, wakati kwa majirani ilikuwa asilimia 7 hivi. Tena usugu ulizidi dawa moja iliyotolewa, ukagusa na nyingine. Matokeo yalichapishwa 1976.

Mwaka uliofuata somo lilifika kwetu, na halikupitia kwa kuku. Kipindupindu kililipuka Tanzania mwishoni mwa 1977, na tetrasaiklini ikagawiwa kwa wingi kwa wagonjwa, na hata kwa wazima kama kinga. Mwanzoni vimelea vyote vilivyopimwa vilikufa kwa dawa hiyo. Miezi mitano baadaye, asilimia 76 vilikuwa sugu. Fred Mhalu na wenzake waliandika hayo katika jarida la Lancet mwaka 1979. Nimemaliza shahada ya kwanza ya sayansi bila kusikia habari hiyo darasani.

Sasa turudi kwenye mpaka wa msitu. Dawa kuingia Gombe si jambo geni: polio ilipowashambulia sokwe mwaka 1966, Jane Goodall na wenzake waliwapa chanjo ndani ya ndizi. Lakini mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliotafuta jeni za usugu katika kinyesi cha watu, wanyama wa kufugwa, sokwe na nyani, ndani ya hifadhi na kuizunguka. Usugu dhidi ya salfonamaidi, jamii ya dawa iliyomo ndani ya Septrini, ulikutwa kwa asilimia 74 ya watu, asilimia 43 ya sokwe na nyani, na asilimia 17 ya wanyama wa kufugwa. Usugu wa tetrasaiklini ulikuwa mdogo zaidi: asilimia 14, 3 na 6.

Zisome namba hizo kama mwanahistoria. Tetrasaiklini ilitumika sana zamani katika eneo hilo, siku hizi kidogo. Salfonamaidi ndiyo dawa ya kuhara ya leo. Utumbo umetunza kumbukumbu za duka la dawa. Halafu tazama mpangilio wa usugu wa salfonamaidi: mifugo, tunaoizoea kuilaumu, iko mkiani. Asilimia hazithibitishi nani alimpa nani. Lakini hakuna sokwe aliyewahi kununua Septrini, na anayeongoza kwa mbali ni mtu. Kwa hiyo nikisikia semina inayomkemea mfugaji wa kuku bila kugusa namna sisi wenyewe tunavyomeza dawa nusu dozi, nakuwa na mashaka.

Watafiti walipima maji pia. Kati ya vijito 22, vinne vilikuwa na jeni hizo. Ni maji yanayotumiwa na watu, mbuzi, nyani na sokwe, na yanashuka hadi ziwani.