Asali Isiyo na Dawa: Nyuki, Mzinga na Msitu katika Historia ya Tanzania, kutoka Tabora hadi Mnazi Mmoja

Utangulizi

Katika mitaa inayozunguka viwanja vya Mnazi Mmoja na soko la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, asali huuzwa katika chupa zilizokwisha kutumika, katika madumu na, kwa miaka ya karibuni, katika vifungashio vyenye lebo. Muuzaji huisifu bidhaa yake kwa mambo mawili: mahali ilikotoka na kutochanganywa na kitu kingine. Asali ya Tabora, husemwa, haina dawa. Sifa hiyo hutolewa kana kwamba ni tabia ya asali yenyewe, sawa na utamu au weusi wake. Makala haya yanaichukulia kuwa zao la historia, na kwa hiyo ni jambo linalohitaji maelezo.

Swali linaloongoza mjadala ni hili: kwa nini ufugaji nyuki wa Tanzania haukujengwa juu ya matumizi ya kemikali ndani ya mizinga, ilhali ule wa Ulaya na Amerika Kaskazini ulizitegemea kwa kiasi kikubwa kuanzia miaka ya 1970 na 1980? Hoja kuu ni kwamba mfugaji wa Tanzania hakuikataa dawa, hakuihitaji. Hali hiyo ya kutoihitaji iliwekwa na mambo matatu yaliyotegemeana: nyuki asiyefungwa, mzinga wa gharama ndogo, na msitu mpana. Likiondoka moja, mengine mawili hudhoofika. Katika makala haya, neno dawa litamaanisha kemikali ziwekwazo ndani ya mzinga na mfugaji, na neno sumu litamaanisha viuatilifu vinavyomfikia nyuki kutoka mashambani. Kutotenganisha maana hizi mbili kumeufanya mjadala wa asali safi upoteze shabaha.

Mzinga wa gogo na maarifa ya kurina

Mzinga wa jadi wa magharibi mwa Tanzania ni gogo lililotobolewa au gome la mti lililokunjwa na kufungwa. Hutundikwa juu ya mti, mbali na moto na nyegere, kisha huachwa. Mfugaji hanunui kundi la nyuki wala halisafirishi. Hupaka nta ndani ya mzinga na kusubiri kundi linalohama liingie lenyewe. Mtu mmoja aweza kuwa na mizinga mingi iliyotawanyika katika eneo kubwa la miombo, baadhi ikiwa na nyuki na mingine mitupu.

Mgeni aliyezoea ufugaji wa Ulaya angeweza kuuona utaratibu huu kama uzembe. Hata hivyo, una mantiki yake. Kwa kuwa mzinga haukumgharimu fedha nyingi, mfugaji hakulazimika kuokoa kila kundi. Kundi dhaifu lilikufa au likahama, na lenye nguvu likagawanyika na kujaza mizinga mingine. Uteuzi wa nyuki uliachwa kwa mazingira. Katika kurina, mrinaji stadi alifungua upande mmoja wa gogo, akafukiza moshi, akatoa masega ya asali na kuyaacha yenye majana upande wa pili. Wakati wa kurina ulifuata maua ya miti ya miombo, kama vile mtundu na muba, na mwisho wa mvua.

Si haki kuupamba utaratibu huu kupita kiasi. Kubandua gome kwa ajili ya mzinga mara nyingi huua mti. Moto uliotumiwa ovyo wakati wa kurina uliteketeza misitu, na warinaji wasio makini waliharibu majana pamoja na asali. Hoja ya makala haya haitegemei dai kwamba wazee walikuwa hawakosei. Inategemea ukweli kwamba makosa yao hayakuleta ulazima wa kutumia kemikali.

Nta, reli na utawala wa kikoloni

Biashara iliyoiunganisha Tabora na pwani wakati wa ukoloni haikuanza na asali. Kwa Wanyamwezi na majirani zao, asali ilikuwa chakula na kiungo cha pombe, nayo kwa sehemu kubwa ilitumika palepale. Kilichouzwa nje ni nta, ambayo haiozi, haimwagiki na hubebeka kwa urahisi. Utawala wa Kijerumani uliihesabu nta kuwa miongoni mwa mazao ya kusafirisha nje. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia iliyochukua majuma kwa miguu ikawa safari ya siku chache.

Mji uliopokea mizigo hiyo ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Mnazi Mmoja lilikuwa eneo la wazi lililotenga Uhindini na mji wa Waafrika, mpango uliobuniwa na Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi cha jeshi la Kiingereza kilichowekwa hapo wakati wa vita hivyo. Kwa upande mmoja wa uwanja, bidhaa za bara zilihesabiwa na kusafirishwa ng'ambo. Kwa upande wa pili, ziliuzwa kwa wakazi wa kawaida. Asali iliyofika mjini ilikuwa ya upande wa pili, na ndiyo sababu haikuandikwa sana katika kumbukumbu za serikali.

Serikali ya Tanganyika ilianzisha kitengo cha ufugaji nyuki mwaka 1949. Mtaalamu wake mashuhuri, F. G. Smith, aliandika kitabu kuhusu ufugaji nyuki katika nchi za joto mwaka 1960, na mwaka 1961 akachapisha uchambuzi wa jamii za nyuki wa Afrika ambamo alizipa majina jamii ya pwani, *Apis mellifera litorea*, na ile ya milimani, *Apis mellifera monticola*. Shabaha ya kitengo ilikuwa ubora wa nta na asali pamoja na mpangilio wa masoko. Chama cha ushirika cha wafugaji nyuki wa Tabora, kilichoanzishwa mwaka 1962, kilirithi shabaha hiyo. Hivyo, taasisi za fani hii zilikua kwa kushughulikia usafi wa bidhaa, na hazikujengwa juu ya tiba ya kundi la nyuki.

Nyuki asiyefungwa na utitiri wa varoa

Jaribio kubwa la utaratibu huu lilikuja na utitiri uitwao varoa, ambao asili yake ni nyuki wa Asia, *Apis cerana*. Ulipohamia kwa nyuki wa Ulaya ulisababisha vifo vya makundi mengi. Wafugaji walijibu kwa kemikali kama fluvalineti, kumafosi na amitrazi. Kemikali hizo ziliokoa makundi, lakini zilileta matatizo mawili: mabaki yake hukaa katika nta, na utitiri hujenga usugu. Aidha, kundi linalookolewa kila mwaka kwa dawa halipati nafasi ya kujenga kinga yake. Mfugaji akishaanza, ni vigumu kuacha.

Varoa iligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1997. Huko, makundi mengi yaliachwa bila tiba, na baada ya miaka michache nyuki wakaonyesha uwezo wa kuishi na utitiri. Katika Afrika Mashariki ilithibitishwa nchini Kenya mwaka 2009. Utafiti wa Muli na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulipima makundi katika maeneo mengi ya Kenya na kukuta kuwa varoa imeenea karibu kote, bila kuonekana kuathiri ukubwa wa makundi. Watafiti hao walionya dhidi ya kuanzisha matibabu ya kemikali yasiyohitajika.

Sababu za ustahimilivu huo zinaelezeka. Majana ya nyuki kibarua wa Afrika hukomaa mapema kidogo kuliko ya yule wa Ulaya, hivyo utitiri hupata muda mfupi zaidi wa kuzaliana ndani ya kijumba kilichofunikwa. Nyuki hawa hugawanyika mara kwa mara na huhama upesi wanaposumbuliwa, wakiacha nyuma masega pamoja na sehemu ya wadudu waliomo. Ushahidi wa mbali zaidi unatoka Brazili. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki Warwick Kerr alipeleka huko malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, na mwaka uliofuata baadhi ya makundi yakaponyoka. Uzao wao, uliochanganyika na nyuki wa Ulaya, umeenea katika sehemu kubwa ya bara la Amerika, na nchini Brazili hufugwa kwa kiasi kikubwa bila dawa ya varoa.

Funzo la kihistoria ni kwamba tabia iliyolalamikiwa na wataalamu wengi, yaani nyuki wa Afrika kuhamahama na kutodhibitika, ndiyo iliyomkinga. Mzinga wa gogo haukumtibu nyuki. Ulichofanya ni kutomzuia.

Uboreshaji na gharama yake

Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 ziliipa fani hii msingi wa kisheria, ikiwa ni pamoja na utaratibu wa hifadhi za nyuki. Katika miaka ya 2008 hadi 2015, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliufanya ufugaji nyuki kuwa ajenda ya kitaifa. Kipimo cha maendeleo kilichotumika mara nyingi ni idadi ya mizinga ya kisasa.

Kipimo hicho kina faida zake. Mzinga wa viunzi vya juu hukaguliwa bila kuvunja masega, hauhitaji kuua mti kwa kubandua gome, na humwezesha mwanamke au mzee kufuga nyuki bila kupanda mtini. Hata hivyo, kila hatua ya kuongeza gharama ya mzinga hubadili uamuzi wa mfugaji. Mwenye mizinga michache ya fremu aliyoinunua kwa mkopo hataki kundi lihame wala life. Atalilisha, atalizuia lisigawanyike, atalikusanya pamoja na mengine katika manzuki moja, na siku atakaposhawishiwa kununua malkia wa kigeni au dawa ya varoa, atakuwa na sababu ya kiuchumi ya kukubali. Kwa hiyo, hatari haimo katika mbao za mzinga. Imo katika mfumo wa ufugaji unaoweza kuingia pamoja nao bila kujadiliwa.

Soko la Kariakoo: dawa, sumu na mkaa

Mnunuzi wa mjini huogopa dawa na sukari katika asali. Hofu ya pili ina msingi, kwa maana uchakachuaji hauonekani kwa macho. Hofu ya kwanza inaelekezwa mahali pasipo tatizo kubwa. Nyuki huruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, na mipaka ya manzuki haimzuii kufika shambani. Urambo, ambako mpango wa karanga wa Waingereza uliofeli ulifyeka misitu baada ya mwaka 1947, baadaye ikawa nchi ya tumbaku. Zao hilo hutumia viuatilifu na hula kuni nyingi wakati wa kukausha majani. Asali inaweza kutoka katika mzinga usio na dawa ilhali nyuki wake wanaishi kando ya sumu.

Tishio la tatu liko karibu zaidi na Mnazi Mmoja. Dar es Salaam hukadiriwa kutumia takriban nusu ya mkaa wote wa nchi, na mkaa huo hutoka katika misitu ya Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi, ambako mizinga pia hutundikwa. Makadirio rasmi ya karibuni yaliweka upotevu wa misitu nchini katika zaidi ya hekta 400,000 kwa mwaka. Takwimu nyingine ya serikali inayorudiwa mara nyingi husema Tanzania ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali kwa mwaka, ilhali uzalishaji umekuwa takriban tani 30,000. Pengo hilo huelezwa kama uhaba wa mizinga na mafunzo. Likisomwa pamoja na takwimu ya misitu, hubainika kuwa uwezo wenyewe unapungua. Mkazi wa mjini anayedai asali isiyo na dawa huenda jioni hiyohiyo akapikia mti ambao ungeizalisha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa asali isiyo na dawa ni matokeo ya uhusiano wa muda mrefu kati ya nyuki, mzinga na msitu, na kwamba uhusiano huo haukulindwa na tamko lolote la sera. Uliendelea kwa sababu haukuwa na gharama kubwa. Leo gharama ipo: bei ya mkaa, mapato ya tumbaku na shinikizo la kuongeza mavuno.

Kutokana na hoja hizi, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, tathmini ya miradi ya mizinga ya kisasa ipime pia kama makundi yanaingia, yanagawanyika na yanahama kwa hiari yake, badala ya kuhesabu mizinga iliyogawiwa tu. Pili, uingizaji wa malkia wa kigeni na dawa za varoa ujadiliwe waziwazi kabla haujawa mazoea, kwa kuwa uzoefu wa Ulaya unaonyesha ugumu wa kurudi nyuma. Tatu, lebo ya asali isiyo na dawa ihusishwe na msitu inakotoka, ili mnunuzi wa Kariakoo ajue analipia nini. Umoja wa Ulaya huzitaka nchi zinazouza asali huko zipime mabaki ya kemikali, na kipimo hicho hueleza kilichomo ndani ya chupa. Hakielezi kama msitu ulioijaza chupa hiyo utakuwapo msimu ujao, na hilo ndilo swali ambalo historia ya nyuki wa Tanzania inatuachia.