Ngome ya Suwon: Ukuta uliofufuliwa na kitabu

MGENI anayezuru Korea Kusini aghalabu humaliza siku zake katika majumba ya kifalme ya Seoul, asijue kwamba safari ya takriban saa moja kwa treni kuelekea kusini ingemfikisha Suwon, mji mkuu wa mkoa wa Gyeonggi unaopakana na jiji hilo. Huko ndiko iliko ngome ya Hwaseong, na ndiko iliko mikahawa ya nyama choma ambayo Wakorea wenyewe huifungia safari.

Ngome hiyo ilijengwa kati ya 1794 na 1796 kwa amri ya Mfalme Jeongjo wa ukoo wa Joseon. Chanzo chake ni msiba wa nyumbani. Mnamo 1762, Mfalme Yeongjo aliamuru mwanawe, Mwanamfalme Sado, afungiwe ndani ya kasha la mchele, naye akafia humo baada ya siku nane. Jeongjo, mwana wa marehemu, alikuwa mtoto mdogo wakati huo.

Alipotawazwa mwaka wa 1776, hakumsahau babake. Mnamo 1789 alilihamishia kaburi lake karibu na Suwon. Wakazi wa mahali hapo waliondolewa na kuanzishiwa mji mpya kando ya Mlima Paldalsan, na mji huo ndio uliozungushiwa ukuta wa kilomita 5.7.

Msomi Jeong Yak-yong alichora mpango wa ujenzi na kubuni geojunggi, mtambo wa kapi uliorahisisha kazi ya kuinua mawe mazito. Aidha, vibarua walilipwa ujira badala ya kutumikishwa bure kama ilivyokuwa desturi. Kazi iliyotarajiwa kuchukua miaka 10 ilikamilika kwa muda usiozidi miaka mitatu.

Hata hivyo, huenda urithi mkubwa zaidi wa ujenzi huo si mawe bali kitabu. Mnamo 1801, mwaka mmoja baada ya kifo cha mfalme, ilichapishwa taarifa kamili ya kazi hiyo. Ndani yake mlikuwa na michoro ya malango na minara, hesabu ya vifaa, gharama na majina ya mafundi walioshiriki.

Thamani ya kitabu hicho ilidhihirika baadaye. Sehemu nyingi za ngome ziliharibika wakati wa utawala wa Japani, 1910 hadi 1945, na katika Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953. Ukarabati ulipofanywa kati ya 1975 na 1979, wataalamu waliifuata michoro hiyo. Mnamo 1997, UNESCO iliitambua Hwaseong kuwa turathi ya dunia, licha ya kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa imejengwa upya.

Matembezi kwa kawaida huanzia Paldalmun, lango la kusini. Kutoka hapo njia hupanda Mlima Paldalsan, ambako mji wote huonekana, kisha huteremka hadi Hwaseomun, lango la magharibi, na Janganmun, lango la kaskazini. Mbele kidogo ni Hwahongmun, ambako mto hupita chini ya matao saba ya mawe. Atakayeuzunguka ukuta wote ajiandae kutembea kwa saa mbili au tatu.

Ndani ya ngome limo jumba la Haenggung, ambamo mfalme alimwandalia mamake karamu ya kutimiza miaka 60 mnamo 1795. Wakati wa ukoloni jumba hilo liligeuzwa hospitali. Lilifunguliwa tena mwaka wa 2003, na ujenzi wake ukakamilika 2024.

Si kila kitu kilichorejeshwa. Huko Paldalmun ukuta umekatika, na lango limesalia peke yake katikati ya barabara yenye magari mengi. Palipokuwa na ukuta sasa pana maduka na masoko.

Masoko hayo ndiyo humpa mgeni chakula. Soko la Jidong lina sifa ya sundae, matumbo ya nguruwe yaliyojazwa damu na tambi, chakula ambacho Mkenya aliyezoea mutura hatakishangaa. Karibu na hapo kuna mtaa wa wauza kuku, ambao hukaangwa wazima ndani ya masufuria makubwa.

Lakini sifa kuu ya Suwon ni galbi, yaani mbavu za ng'ombe. Inasimuliwa mjini humo kwamba Jeongjo aliwagawia wakulima ng'ombe wa kulimia, na kwamba hapo ndipo lilipochipuka soko la mifugo lililokuja kuvuma nchini. Kulikokuwa na ng'ombe wengi, nyama nayo haikukosekana, na kufikia miaka ya 1940 mikahawa ya mbavu ilikuwa imeanza kujitokeza.

Mbavu za Suwon ni kubwa, na hukolezwa kwa chumvi, kitunguu saumu na mafuta ya ufuta badala ya sosi nyeusi ya soya. Huchomwa kwa makaa mezani, zikakatwa kwa mkasi na kufungwa ndani ya majani ya saladi pamoja na kimchi. Bei yake si ya chini, hivyo wengi huenda kwa vikundi na kugawana gharama.