Kemikali ya kukuza neva iliyogeuka kuwa siri ya maumivu

Mwaka 1952 Rita Levi-Montalcini alipanda ndege kwenda Rio de Janeiro akiwa na panya wawili wenye uvimbe wa saratani. Daktari huyu wa Kiitaliano alikuwa akifanya kazi St. Louis, Marekani, na alikwenda Brazili kwa sababu rafiki yake, Hertha Meyer, alikuwa fundi wa kukuza tishu hai nje ya mwili. Ndani ya chombo cha kioo aliweka kipande cha uvimbe, na kando yake, pasipo kugusana, fundo dogo la neva la kifaranga ambaye hajaanguliwa. Siku iliyofuata fundo lile lilikuwa limechipua nyuzi pande zote kama miale ya jua. Uvimbe ulikuwa unatoa kitu, na neva zilikuwa zinakifuata.

Kazi hiyo aliianza mahali ambapo hakuna chuo kingepatambua kuwa maabara. Sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 ziliwafukuza Wayahudi vyuoni, naye, akiwa Myahudi, akahamishia utafiti chumbani kwake, nyumbani kwao Turin. Alinoa sindano za kushonea ziwe visu vya upasuaji, akapasua mayai ya kuku na kuchunguza neva za vijusi kwa darubini. Mabomu yalipozidi mjini, familia ilikimbilia shamba naye akaendelea hukohuko. Vita vilipokwisha, Viktor Hamburger, mtafiti aliyekuwa bingwa wa fani hiyohiyo, alisoma maandishi yake na kumwalika Marekani.

Mwaka 1953 alijiunga naye mwanakemia Stanley Cohen. Walipotumia sumu ya nyoka kuchambua dutu ile, waligundua kwamba sumu yenyewe imejaa dutu wanayoitafuta. Hapo Cohen akaenda kwenye tezi za mate za panya, akaipata tele. Ilikuwa protini, inayojulikana hadi leo kwa herufi NGF. Tuzo ya Nobel iliwafikia wote wawili mwaka 1986.

Kwa miaka mingi NGF ilihesabiwa kuwa habari ya viumbe wanaokua tumboni au kwenye yai. Mwili uliokomaa ulidhaniwa hauna haja nayo kubwa. Kisha mwaka 1993, kule Stony Brook, New York, Gary Lewin, Amy Ritter na Lorne Mendell waliwadunga panya waliokomaa protini hiyo. Baada ya muda mfupi tu panya walianza kulikimbia joto ambalo kabla ya hapo walilivumilia. Saa kadhaa baadaye hata mguso uliwauma. Kuchelewa huko kulikuwa na maana kubwa. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba sehemu ya ukali ule haitengenezwi kwenye ngozi, bali ndani ya uti wa mgongo.

Njia yenyewe sasa inaeleweka. Sehemu iliyoumia na kuvimba huzalisha NGF. Ncha za neva za maumivu huinasa kwa kipokezi kiitwacho TrkA, kisha ujumbe husafirishwa hadi kwenye kiini cha seli ya neva, kando ya uti wa mgongo. Seli hiyo huitikia kwa kutengeneza kwa wingi protini nyingine ya ukoo uleule, BDNF, ambayo Yves-Alain Barde na wenzake waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982. BDNF humwagwa ndani ya uti wa mgongo, na seli zilizopo huko huanza kuitikia kila ishara kwa nguvu kupita kiasi.

Mwaka 2005 watafiti wa Kanada walionyesha sura nyingine ya jambo hili. Neva yenyewe ikijeruhiwa, seli za ulinzi za uti wa mgongo nazo hutoa BDNF, na kiwango cha kloridi ndani ya seli zinazopokea maumivu huvurugika. Ishara ambazo kwa kawaida hutuliza hushindwa kutuliza. Ndiyo maana ninasisitiza: mgonjwa anayelalamika baada ya kidonda kufunga hasingizii, wala hadeki. Mabadiliko ndani ya uti wake wa mgongo ni ya kweli.

Je, tuizime NGF? Asili ilikwisha kufanya jaribio hilo. Mwaka 1996 watafiti wa Japani waligundua kwamba watoto wanaozaliwa bila kuhisi maumivu wala kutoka jasho wana kasoro kwenye jeni ya TrkA. Watoto hao hujing'ata ulimi, huvunjika mifupa bila kujua, na homa huwapanda kwa hatari. Dawa ya tanezumab, kingamwili inayoikamata NGF, ilipunguza maumivu ya viungo, lakini majaribio yalisimamishwa kwa muda mwaka 2010 baada ya viungo vya baadhi ya wagonjwa kuharibika haraka. Mwaka 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani waliikataa kwa kura 19 dhidi ya 1.

Asili ina mfano mwingine, wa kupunguza badala ya kuzima. Lewin, aliyehamia Berlin, alimgeukia mnyama wa kwetu: fuko asiye na manyoya, anayechimba ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Alipodungwa NGF, fuko hakuongezewa uchungu wa joto. Mwaka 2016 sababu ilitangazwa: mabadiliko madogo sana yameinyong'onyeza TrkA yake. Haijafa kama ile ya watoto wasiohisi maumivu. Neva za fuko hukua na kumhudumia, ila kiwango cha NGF kinachowasha maumivu kwa panya hakimtoshi yeye.