Redio ya mwaka 1938 iliyotoka Uroa

Ndugu msomaji, juma lililopita nilikuwa nikipita mtaa wa Gizenga, pale Mji Mkongwe, nikaona redio dirishani mwa duka. Ilikuwa imepangwa baina ya mabuli ya shaba na vipande vya milango ya nakshi. Pembeni yake kilisimama kikaratasi cha rangi ya kahawia, kama kilichochovywa chai, kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba redio hiyo ni ya mwaka 1938, imetoka nyumba ya mvuvi wa Uroa, na kwamba familia hiyo ilikuwa ikiisikiliza Sauti ya Unguja kwa redio hiyo hiyo. Bei yake ilikuwa dola 350 za Kimarekani.

Nimefanya kazi ya redio zaidi ya miaka ishirini, na ami yangu anaishi Uroa. Kwa hiyo niliingia ndani, nikatoa salamu, nikaomba niitazame. Mwenye duka hakuwa na ubaya. Aliniambia, "Itazame tu, bwana. Hii antiki ya kweli." Nilipoigeuza nikafungua kifuniko cha nyuma, nilijua kwamba kikaratasi kile hakikuwa na hata sentensi moja iliyosimama kwa miguu yake.

Tuanze na lililo jepesi. Ndani ya redio ile hamkuwa na taa, yaani vile vichupa vya kioo ambavyo huwaka taratibu na kuifanya redio ichukue muda kabla ya kusema. Mlikuwa na transista. Basi transista ilibuniwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954, na Sony ya Japani ikatoa ya kwake, TR-55, mwaka 1955. Mwaka 1938 hapakuwa na redio ya transista popote duniani, seuze Uroa.

La pili lilikuwa kwenye kioo cha stesheni. Palikuwa na maandishi ya kHz na MHz, na nyuma pameandikwa kwamba imetengenezwa Japani. Zamani redio za Kiingereza na za Kijapani ziliandikwa kc na Mc. Jina la hertz lilikubaliwa na mkutano wa kimataifa wa vipimo mwaka 1960, na likazoeleka kwenye redio za sokoni katika miaka ya 1970. Tahadhari moja tu: Wajerumani walikuwa wakiandika kHz tangu kabla ya vita, kwa hiyo alama hii peke yake isikufanye hakimu. Lakini redio ya Kijapani yenye transista na kHz ni ya miaka ya 1970 au baada yake.

La tatu ni Sauti ya Unguja yenyewe. Stesheni hiyo ilianza mwaka 1951. Aliyekuwa akiisikiliza mwaka 1938 alikuwa akisikiliza upepo.

La nne ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu halimo katika vitabu vya redio, limo katika historia yetu. Redio ile ilikuwa ya kuchomeka ukutani tu, haina hata nafasi ya betri. Mji Mkongwe ulipata umeme mapema, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Lakini Uroa, kijiji cha wavuvi cha pwani ya mashariki, umeme ulifika karibu na mwaka 1990. Mvuvi wa Uroa angeichomeka wapi redio ile mwaka 1938? Kwenye mnazi?

Sikumgombeza mwenye duka. Nilimwambia niliyoyaona, akanyamaza kidogo, kisha akasema ameinunua hivyo hivyo pamoja na kikaratasi chake kutoka kwa dalali. Labda ni kweli. Uongo wa namna hii hupita mikono mingi, na kila mkono huongeza miaka kidogo na dola kidogo.

Ijumaa baada ya sala nikaenda Uroa. Nilimkuta ami yangu barazani anasuka kamba. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza, "Ami, redio ya marehemu babu iko wapi?" Alicheka. "Mwanangu, ile niliiuza. Alipita kijana anakusanya vitu vya kale, akanipa fedha ya kununulia kilo mbili tatu za mchele. Ilikuwa haisemi tena." Nikamuuliza ilikuwa redio gani. Akanieleza kama anayemweleza mtu wa nyumbani: ndogo, ya ngozi kwa nje, ya mawe ya tochi, na babu aliinunua mjini mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi. Jioni watu walikuwa wakijaa barazani, wanaume upande huu na wanawake nyuma ya ukuti wa makuti, na mawe yakianza kuchoka babu akiyaanika juani ili yapate nguvu ya taarifa ya habari ya mwisho.

Kisha akanyamaza, akasema, "Asubuhi ile ya Januari tuliisikia hapa hapa."

Ndugu msomaji, kila mtu mzima wa visiwa hivi anajua asubuhi ile. Tarehe 12 Januari 1964 studio ya Raha Leo ilikuwa imekwisha kutekwa, na sauti ya John Okello ikawa inatoka humo. Watu wengi wa mashamba hawakuona bunduki wala moshi wa mjini kwanza. Waliisikia redio. Na waliisikia kwa sababu redio ya transista ilikuwa imekwisha kuingia vijijini, mahali ambapo waya wa umeme ulikuwa bado miaka ishirini na sita au zaidi kufika.

Hapo ndipo penye hasara ya kikaratasi kile. Redio ya babu yangu ilikuwa ya mwaka 1963. Pengine nayo leo iko dirishani mahali fulani, imeandikwa 1938. Anayeiongezea miaka ishirini na tano anadhani ameiongezea thamani, kumbe ameinyang'anya kitu pekee kilichokuwa nacho na redio nyingine haina.

Tukumbuke hali ilivyokuwa kabla ya transista. Redio ya taa ya mtu asiye na umeme ilitaka betri kubwa nzito, ghali, na zikiisha mjini ndiyo mwisho wa habari. Mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Harry Franklin wa idara ya habari alifanikisha kutengenezwa kwa redio ya bei nafuu na kampuni ya Ever Ready. Mwili wake ulikuwa wa bati la duara mfano wa sufuria, umepakwa rangi ya buluu, na watu wakaiita hivyo, redio ya sufuria. Iliuzwa pauni 5, na betri yake peke yake ilizidi pauni moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafuu! Basi transista ilipokuja na mawe madogo ya tochi, baraza la mvuvi likaingia duniani. Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, BBC ilianza Juni 1957, na watawala wa wakati ule walijua vyema kwamba maneno ya hewani hayasimamishwi forodhani.

Hii ndiyo historia ambayo redio za kale zinaibeba. Mwenye kukusanya, awe mgeni au mwenyeji, ana haki ya kuipata ilivyo. Basi kabla hujatoa fedha, fanya mambo machache. Omba kifuniko cha nyuma kifunguliwe, na anayekataa mwage kwa heri. Tazama kama ndani mna taa au transista. Soma kioo cha stesheni na jina la nchi ilikotengenezwa. Angalia waya na skrubu, kwa maana mafundi wetu walikuwa hodari wa kutia tumbo la redio moja katika gamba la nyingine, jambo ambalo si aibu, ila lisemwe. Jihadhari pia na redio mpya zenye sura ya kale: kampuni ya Bush ya Uingereza ilitoa TR82 mwaka 1959, kisha mwaka 1997 ikatoa nyingine yenye sura ile ile. Aliyeiuza mpya kama mpya hana kosa. Kosa ni la anayeipaka vumbi.

Na sisi wenye majumba ya wazee tusijitoe lawamani. Dalali anapata nafasi ya kutunga tarehe kwa sababu sisi hatukuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama nyumbani kwenu kuna redio ya babu, hata isiyosema, chukua karatasi leo uandike: nani aliinunua, wapi, mwaka gani, na nini kilichosikika humo ambacho watu hawakukisahau. Ibandike ndani ya kifuniko. Hata ukija kuiuza kwa shida, iuze pamoja na karatasi hiyo, na udai bei yake.

Ami yangu hakuwa na karatasi. Nilipokuwa naondoka aliniomba kitu kimoja. "Ukiiona huko mjini," alisema, "waambie ilikuwa ya mwaka sitini na tatu. Marehemu hakupenda uongo."

Nami nimekuambieni. Tukutane juma lijalo, inshaallah.