Mwanga Uliozidi na Mwanga Uliozidishwa

Picha ikitoka nyeupe kupita kiasi, wengi husema imeungua. Neno hilo linafaa kwa picha iliyoharibika. Kwa picha ambayo mpiga picha ameamua mwenyewe iwe nyeupe halifai hata kidogo, na hapo ndipo istilahi yetu inapopwaya.

Chukua ufukwe wa Nassa, wilayani Busega, mkoani Simiyu. Ni saa saba mchana, dagaa wameanikwa, mama mmoja ameinama anawageuza. Nyuma yake ziwa, kwenye Ghuba ya Speke, linameremeta na kurudisha jua moja kwa moja kwenye lenzi. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe hutafuta wastani: hutaka picha nzima ikaribie kijivu cha kati, kile kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Ikikuta weupe mwingi, hupunguza mwanga. Matokeo yake ziwa linatoka la buluu, zuri kabisa, na mama anakuwa kivuli kisicho na macho.

Anayemtaka mama, si ziwa, huikatalia kamera. Kama imechagua shata ya 1/500 ya sekunde, yeye huishusha hadi 1/125, na mwanga unaoingia unakuwa mara nne. Sasa jasho la kwenye paji la uso linaonekana, na vumbi la dagaa lililoganda vidoleni, na mshono wa kanga. Ziwa limetoweka. Kila nukta yake imefika 255, kikomo cha picha ya kawaida ya dijitali, na hakuna programu itakayoyarudisha mawimbi yale.

Kitendo hicho napendekeza tukiite kuzidisha mwanga. Mwanga uliozidi umezidi wenyewe. Uliozidishwa una aliyeuzidisha, na nia yake imo ndani ya kitenzi. Tena kuzidisha ni neno la hesabu, na mwanga wa kamera hupanda kwa hesabu hiyohiyo: hatua moja ni mara 2, mbili ni mara 4, tatu ni mara 8.

Si kila kuongeza mwanga ni sanaa. Pamba ya Bariadi ikijaza fremu, kamera huigeuza kijivu, na hatua moja au moja na nusu huirudishia rangi yake. Huko ni kusahihisha tu. Sanaa huanza pale mtu anapokubali kupoteza kitu ili apate kingine.

Kwetu sisi weusi jambo hili lina uzito zaidi. Kwa miongo kadhaa maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Nyuso zetu hazikuwa kipimo cha mtu yeyote. Mpiga picha wa Nassa anayeuacha uso wa mama uamue mwanga, hata kama ziwa zima litapotea, ameweka kipimo chake mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa upigaji picha na majaji wa mashindano: msiandike "imeungua" kwenye kila picha nyeupe. Tazameni kwanza kilichopotea na kilichookolewa. Mkiona mpiga picha alijua anachokitoa, andikeni "mwanga umezidishwa", kisha mpeni alama kwa uamuzi wake.