Mtoto asiyekula nyama: Protini imo ndani ya gunia la maharage

KATIKA nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, wilayani Kasulu na Kibondo, maharage ni chakula na pia ni biashara. Magunia hupakiwa kwenye malori kuelekea mijini, na fedha zake hununua sare na madaftari. Hata hivyo, mtoto anayeanza kula katika nyumba hiyo hiyo aghalabu hupewa uji mtupu wa mahindi au muhogo.

Wengi wa watoto hao hukosa nyama kwa sababu ya kipato, si kwa imani. Lakini mtoto aweza kupata protini ya kutosha kutokana na mimea, iwapo mzazi atajua kuipanga.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aongezewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Baada ya miezi 6 huhitaji protini gramu 11 hivi kwa siku. Kati ya mwaka 1 na 3, gramu 13.

Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 22 hivi. Unga wa muhogo wa uzito huo hauzidi gramu 2, hivyo uji wake hushibisha bila kujenga mwili. Mahindi yana gramu 8, ila yana upungufu wa kirutubisho kiitwacho lisini, ambacho maharage yanacho kwa wingi. Kwa sababu hiyo, yapasa viliwe pamoja: sehemu mbili za nafaka kwa moja ya mikunde.

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe hadi yaive kabisa. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 8 yapondwe na kuchujwa maganda. Kijiko cha mawese huongeza nguvu, na kipande cha papai au chungwa husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri nacho kina protini.

Karanga zisagwe, kwani punje nzima humpalia mtoto. Zilizoota ukungu zitupwe. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu mikoani Dodoma na Manyara.

Jambo moja mimea haiwezi: kutoa vitamini B12. Mtoto hana budi kupata pia maziwa, yai au dagaa. Familia isiyotumia kabisa vyakula hivyo iombe nyongeza kituo cha afya, kwa mtoto na kwa mama anayenyonyesha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto akivimba miguu au nywele zikififia rangi, apelekwe kituo cha afya mara moja, maana hizo ni dalili za unyafuzi.

Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kila siku humpa mtoto wa mwaka mmoja zaidi ya nusu ya protini anayohitaji. Kiasi hicho hutokana na gramu 40 hivi za maharage makavu, yaani kilo 15 kwa mwaka, ambazo hazijazi hata debe moja. Basi kabla gunia halijapanda lori, debe la mtoto litengwe kwanza.