Kilichozama Baada ya 1863

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina tarehe ninayobishana nayo tangu nianze shahada ya uzamili: 1863. Kifaa kilichotengenezwa kabla ya mwaka huo kinahesabika kuwa cha kale. Cha baadaye, kwa sehemu kubwa, kinamngoja waziri akitangaze. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahesabu vingine: kitu cha urithi kikikaa majini miaka 100, kinastahili kulindwa. Hesabu hiyo husogea kila mwaka, yetu imesimama.

Kwa mtu wa Tarime jambo hili si la vitabuni. Kabla Rorya haijawa wilaya mwaka 2007, Shirati na ufukwe wake vilikuwa vyetu. Novemba 1914 meli ya Waingereza, Sybil, ilikwama Majita, na mwaka uliofuata wakaja kuinasua. Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, iliibuliwa 1924 na ndiyo MV Liemba. Zote mbili ziliundwa baada ya 1863. Zingebaki chini, zingekuwa chuma chakavu tu, na bei ya chuma chakavu tunaijua.

Hata hivyo, sheria haizamii. Pale Mombasa, manowari ya Wareno Santo António de Tanná ilizama mwaka 1697 wakati Ngome ya Yesu imezingirwa. Kati ya 1977 na 1980 Robin Piercy na wenzake, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimba. Watu hukumbuka mizinga na vyungu. Mimi navutiwa na futikamba: kila kitu kilipaswa kujulikana kilikolala kabla hakijaguswa, kwa sababu ukikiinua bila kipimo umepata pambo na umepoteza historia.

Upimaji huo hufundishwa kwanza nchi kavu. Tuliufanyia mazoezi kwenye uwanja wa mpira Mugumu, wilayani Serengeti, mbali kabisa na ziwa. Unatandika kamba ya msingi, unachagua alama tatu zisizosogea, unapima umbali kutoka kila alama hadi kwenye kitu, kisha unachora kwa penseli kwenye karatasi ya plastiki. Bila kuongea, kwa ishara za mikono tu. Mzee mmoja alisimama akatuuliza, "Vijana, mnapima kiwanja cha nani?" Kwetu futikamba huja na kesi ya ardhi, kwa hiyo hakuridhika mpaka tulipomwonyesha kwamba tunapima matofali.

Ziwani mambo hubadilika. Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo majedwali ya kuzamia ya Unguja hayatumiki yalivyo: mzamiaji akiyafuata anaweza kupanda juu haraka kuliko mwili wake unavyomudu. Maji baridi hayamwinui kama ya chumvi, hivyo hupunguza risasi za kiunoni. Tope likitibuka, anasoma futikamba kwa vidole.

Mei 1996 MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, wazamiaji waliletwa kutoka Afrika Kusini kutafuta miili ya watu wetu. Meli hiyo itatimiza miaka 100 mwaka 2096. Hadi sasa kundi letu la Mugumu lina watu sita, na wanaoweza kuogelea ni wanne.